Ankara Inayosomwa na KRA: Biashara Ndogo Nchini Kenya na Uchaguzi wa Programu

Ankara ni hati ambayo muuzaji humpa mnunuzi ili kuonyesha kilichouzwa, kiasi chake, bei yake na kodi iliyomo, na kwa muda mrefu hati hiyo ilikuwa jambo la watu wawili, ikikaa katika faili au droo hadi siku ambayo mkaguzi angeiulizia. Nchini Kenya uhusiano huo ulibadilika tarehe 1 Septemba 2023, pale kifungu cha 23A cha Sheria ya Taratibu za Kodi, kilichoingizwa na Sheria ya Fedha ya mwaka huo, kilipoanza kumtaka kila anayefanya biashara, awe amesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) au la, kutoa ankara kupitia mfumo wa kielektroniki uliowekwa na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA. Mfumo huo, unaoitwa eTIMS, hupokea taarifa za ankara inapotolewa au muda mfupi baadaye, nayo ankara hubeba namba ya kipekee na msimbo wa QR ambao mnunuzi anaweza kuusoma kwa simu ili kuthibitisha kuwa hati aliyopewa ni halali. Programu ya ankara imekuwa hivyo sehemu ya daftari la kodi, na ndiyo maana inafaa kuchaguliwa kwa kuangalia kwanza namna inavyotuma, inavyosahihisha na inavyohifadhi taarifa, kabla ya kuangalia sura yake, wingi wa uwezo wake au hata bei yake.

Hali hii haikuzuka ghafla. Kenya ilianza kuwataka wafanyabiashara wa VAT kutumia mashine za kielektroniki za risiti mwaka 2005, lakini mashine hizo zilitunza kumbukumbu ndani yake zenyewe, na KRA ilizisoma kwa kuchelewa au isizisome kabisa. Kanuni za mwaka 2020 zilileta mfumo uliopewa jina la TIMS, ambao utekelezaji wake ulianza Agosti 2021 na ambao bado ulitegemea kifaa kilichonunuliwa na mfanyabiashara, ila kifaa hicho sasa kilituma taarifa kwa KRA kupitia intaneti. Mwaka 2023 eTIMS iliondoa ulazima wa kifaa na kuweka programu mahali pake. Nchi jirani zimepita njia inayofanana: Tanzania bara ilianza na mashine za EFD mwaka 2010 na baadaye ikaruhusu VFD, yaani mashine isiyoshikika ambayo kazi yake hufanywa na programu, Rwanda ilitoka katika mashine za EBM za mwaka 2013 ikaelekea kwenye programu inayotolewa na mamlaka bila malipo, na Uganda ilianza kulazimisha mfumo wake wa EFRIS mwaka 2021. Mapokezi hayakuwa laini kila mahali, kwani wafanyabiashara wa miji kadhaa ya Tanzania walifunga maduka mwaka 2013 wakipinga mashine hizo, na wa Kampala wakafanya vivyo hivyo Aprili 2024 kwa sababu ya EFRIS.

Ili kuelewa ni programu ipi inafaa, ni lazima kwanza kuelewa ni nani hasa anayemsukuma mfanyabiashara mdogo kuingia katika mfumo. Sheria inaweka adhabu, ambayo kwa asiyetimiza matakwa ya mfumo ni mara mbili ya kodi inayohusika, lakini msukumo unaohisiwa kila siku unatoka kwa mteja. Tangu 1 Januari 2024, gharama ambayo haina ankara ya eTIMS haikubaliki kupunguza mapato yanayotozwa kodi, isipokuwa gharama chache zilizotajwa, kama mishahara, riba, bidhaa zilizoagizwa kutoka nje na ada za benki. Kampuni inayomlipa mchapishaji wa mabango shilingi 100,000 bila ankara hiyo italazimika kuhesabu fedha hizo kama faida na kuzilipia kodi ya mapato ya asilimia 30, yaani shilingi 30,000 zaidi, juu ya bei ambayo imekwisha kuilipa. Mhasibu wa kampuni hiyo hahitaji kuwa mtu mkali ili kukataa kumlipa mchapishaji, kwa kuwa hesabu yenyewe inamkatalia. Kwa sababu hiyo fundi, mpishi wa sherehe au mwenye pikipiki ya mizigo, ambaye pengine hajawahi kuonana na ofisa wa KRA, hujikuta akitafuta programu ya ankara kwa sababu mteja wake mkubwa amemwambia kuwa malipo yatasubiri.

Swali la kwanza, basi, linahusu wanunuzi: je, ni watu wa kawaida wanaonunua kwa matumizi ya nyumbani, au ni kampuni, shule, hoteli na mashirika yanayohitaji ankara yenye namba yao ya mlipa kodi (PIN)? Muuzaji wa kundi la kwanza hutoa ankara nyingi ndogo zisizo na PIN ya mnunuzi, na anachohitaji ni kasi. Muuzaji wa kundi la pili hutoa ankara chache zenye thamani kubwa, na kwake kosa la tarakimu moja katika PIN ya mnunuzi ni janga, kwa kuwa ankara hiyo haitamfaa mnunuzi aliyekusudiwa. Programu inayohifadhi orodha ya wateja pamoja na PIN zao, ili mtu asiziandike upya kila mara, ina thamani kwa muuzaji wa pili na karibu haina thamani kwa wa kwanza.

Swali linalofuata ni la hadhi ya biashara yenyewe mbele ya sheria za kodi. Biashara yenye mauzo ya kutozwa VAT yanayofika shilingi milioni 5 kwa mwaka inapaswa kusajiliwa kwa kodi hiyo, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16, na iliyosajiliwa inaruhusiwa kudai kodi iliyolipa ilipokuwa ikinunua. Kwa hiyo inahitaji programu inayoonyesha pande zote mbili, mauzo na manunuzi, ili mwenye biashara aweze kulinganisha ankara alizopokea na zile ambazo KRA inaziona chini ya PIN yake kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa za VAT. Mfanyabiashara anayelipa kodi ya mauzo ghafi, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yote bila kupunguza gharama yoyote, hanufaiki kikodi na ankara za manunuzi yake. Akiuziwa programu kwa sababu inafuatilia manunuzi vizuri sana, ananunua uwezo ambao kodi yake haiuhitaji, ingawa unaweza kumsaidia kujua faida yake halisi.

Baada ya maswali hayo mawili ndipo inapofaa kuangalia zana zilizopo, na hapa kuna jambo ambalo mawakala wengi wa programu hawalitaji mapema: KRA yenyewe inatoa zana kadhaa bila malipo. eTIMS Lite imelengwa kwa wenye miamala michache, nayo hupatikana kwenye tovuti, kwenye programu ya simu, na kwa kupiga *222# hata katika simu isiyo na intaneti. Watoa huduma wasiouza bidhaa, kama mawakili na washauri, wametengewa lango la mtandaoni ambalo halihitaji kuwekewa chochote kwenye kompyuta. Wauza bidhaa wana programu iitwayo eTIMS Client, ambayo huwekwa katika kifaa cha biashara na inaweza kuhudumia matawi na meza kadhaa za malipo. Biashara ambayo tayari ina mfumo wake wa mauzo au wa uhasibu ina njia mbili za kuuunganisha na KRA: OSCU, inayofaa mfumo ulio mtandaoni wakati wote, na VSCU, inayofaa biashara inayotoa ankara nyingi au ambayo mtandao wake hukatika, kwa sababu VSCU huidhinisha ankara papo hapo na kutuma taarifa baadaye.

Kwa fundi anayetoa ankara chache kwa wiki, eTIMS Lite inatosha, na ushauri wowote wa kumtaka alipe ada ya kila mwezi unahitaji kuthibitishwa kwa hoja nzito. Ankara yake haitakuwa na nembo wala rangi, lakini nembo haijawahi kumpunguzia mtu kodi. Hali hubadilika pale ambapo mtu mmoja analazimika kuandika mauzo yaleyale mara mbili, mara moja katika mfumo wake wa duka na mara ya pili katika zana ya KRA, kwa sababu hapo ndipo tofauti huanza: bei inaandikwa kwa namna mbili, ankara moja inasahaulika, na mwisho wa mwezi jumla za vitabu viwili hazikubaliani. Gharama ya kuandika mara mbili ndiyo kipimo bora cha kujua ikiwa programu ya kulipia imestahili, na inaweza kupimwa kwa saa za mfanyakazi bila kuhitaji mtaalamu.

Suala la mtandao linastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko kawaida, kwa kuwa hapo ndipo maelezo ya wauzaji wa programu huwa mafupi mno. Programu nyingi husemekana kufanya kazi bila intaneti, ilhali maneno hayo yanaweza kumaanisha mambo mawili yaliyo mbali. Inawezekana kwamba programu inaendelea kuidhinisha ankara kupitia VSCU na kuzituma mtandao urudipo, hivyo mnunuzi anaondoka na ankara kamili yenye namba na msimbo wa QR. Inawezekana pia kwamba programu inahifadhi mauzo tu na kuyasubirisha, hivyo mnunuzi anaondoka na karatasi isiyo na uthibitisho na kulazimika kurudi au kutumiwa ankara baadaye. Kwa duka la vipuri linalohudumia magari ya safari barabarani, tofauti hiyo ni kati ya kuuza na kutouza. Njia ya kuaminika ya kuitambua ni kuzima intaneti wakati wa maonyesho ya programu, kuuza kitu kimoja, kisha kuangalia kinachochapishwa. Aidha, mfumo ukikwama kabisa, kanuni zinamtaka mtumiaji aiarifu KRA na aandike mauzo kwa njia nyingine hadi mfumo urejee. Kwa hiyo programu inapaswa kuruhusu mauzo hayo kuingizwa baadaye bila kuyachanganya na mauzo ya siku yanapoingizwa.

Hata hivyo, kipimo kikubwa kuliko vyote ni namna programu inavyoshughulikia makosa. Ankara iliyokwisha kufika KRA haifutwi wala haiandikwi upya. Husahihishwa kwa hati nyingine, yaani hati ya kupunguza, ambayo wahasibu wa Nairobi huiita kredit noti, inayotaja namba ya ankara ya awali na kuondoa thamani yake yote au sehemu yake. Sheria ya VAT inataka hati hiyo itolewe ndani ya miezi sita tangu ankara ilipotolewa. Programu iliyoundwa kwa kufuata mazoea ya zamani, ambapo karani angechana ukurasa na kuanza upya, huficha kazi hii mbali au huacha hati ya kupunguza isimame peke yake bila kuunganishwa na ankara yake, na matokeo yake ni kwamba biashara inalipa kodi ya mauzo ambayo hayakutokea. Bidhaa zilizorudishwa, bei iliyopunguzwa baada ya mabishano, ankara iliyotolewa kwa PIN isiyo sahihi, yote hayo hutokea kila wiki katika biashara iliyo hai, na mnunuzi wa programu anafanya vyema kudai aonyeshwe kila moja hadi mwisho, pamoja na hesabu ya bidhaa ghalani inavyorudi mahali pake.

Kuna kosa jingine ambalo programu nzuri huzuia kabla halijatokea. Kwa mujibu wa sheria, VAT hudaiwa kwa tukio litakalotangulia kati ya kutolewa kwa bidhaa au huduma, kutolewa kwa ankara na kupokelewa kwa malipo, kwa hiyo mfanyabiashara aliyesajiliwa akitoa ankara ya kodi mapema, kabla ya kupeleka chochote, kwa sababu tu mteja ameomba karatasi ya bei, anajiwekea deni la kodi kwa fedha ambazo hajazipata na pengine hatazipata. Hati inayofaa katika hatua hiyo ni ankara kifani, yaani makadirio yanayoonyesha bei bila kudai malipo na bila kutumwa KRA. Programu inayotenganisha wazi hati hizi mbili, na kuruhusu ankara kifani kugeuzwa kuwa ankara ya kodi siku ya kupeleka bidhaa, huokoa fedha halisi, hasa kwa wanaouzia serikali za kaunti na maduka makubwa, ambako malipo huchukua miezi.

Viwango vya kodi navyo vina mtego wake. eTIMS hupanga bidhaa kwa herufi, ambapo A ni bidhaa iliyosamehewa, B ni ya asilimia 16, C ni ya asilimia sifuri, D ni isiyohusika na VAT, na E ni ya asilimia 8. Kwa mnunuzi aliye dirishani A na C zinafanana, kwa kuwa zote hazimwongezei bei, lakini kwa muuzaji zinatofautiana sana: anayeuza bidhaa ya asilimia sifuri, kama unga wa mahindi au mkate wa kawaida, anaweza kudai kodi aliyolipa katika gharama zake, na anayeuza bidhaa iliyosamehewa, kama mazao ya shambani ambayo hayajasindikwa, hawezi. Karani akiweka herufi isiyofaa siku ya kusajili bidhaa, kosa hilo litajirudia katika kila ankara bila mtu kuliona. Viwango hivyo pia hubadilika: kiwango cha kawaida kilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 Aprili 2020, kikarudi 16 Januari 2021, na mafuta ya petroli yalipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023. Programu ifaayo hubadilisha kiwango kuanzia tarehe iliyowekwa na kuacha ankara za nyuma, pamoja na hati zake za kupunguza, zikiwa na kiwango cha zamani.

Malipo kwa simu yanahitaji neno moja. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kuwa fedha zimepita, lakini hausemi kilichouzwa wala kodi iliyomo, kwa hiyo hauwezi kuchukua nafasi ya ankara. Kwa duka lenye malipo mengi ya Lipa na M-Pesa, programu inayofunga kila malipo na ankara yake humwondolea mwenye duka kazi ya jioni ya kulinganisha orodha mbili, na humpa jibu ikiwa fedha zilizoingia katika akaunti zitaonekana kuzidi mauzo aliyoyatangaza.

Yote hayo yakiridhisha, bado anabaki mtu anayeuza programu. Anayeunganisha mifumo ya watu wengine na eTIMS ni lazima awe ameidhinishwa na KRA, ambayo hutangaza majina ya walioidhinishwa, na jina lisilokuwamo halipaswi kupewa hata malipo ya awali. Idhini hiyo inahusu uwezo wa kuunganisha. Haisemi chochote kuhusu uaminifu wa huduma, uhai wa kampuni au bei zake za mwaka ujao. Kwa kuwa sheria inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe kwa miaka mitano, na kampuni changa za programu si zote zinazodumu miaka hiyo, mkataba unapaswa kueleza namna mteja atakavyochukua ankara zake zote, orodha ya bidhaa na ya wateja katika faili inayosomeka na programu nyingine, hata baada ya kuacha kulipa ada. Nakala zilizoko KRA zinaonyesha kilichotumwa, lakini hazionyeshi madeni ya wateja, makubaliano ya bei wala historia ya ghala. Majina na namba za simu za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kuhamishia kazi kwa muuzaji wa programu hakumwondolei mwenye duka wajibu wake chini ya sheria hiyo.

Bei, ambayo kwa kawaida huulizwa kwanza, ina maana tu baada ya mambo hayo kujulikana, na hata hapo ada ya mwezi ni sehemu yake ndogo. Kuna malipo ya kuunganisha, mafunzo, printa, ada ya kila tawi au kila mtumiaji, na mara nyingine malipo kwa kila ankara, ambayo huonekana madogo katika tangazo na kuwa makubwa katika duka la rejareja. Kuna pia biashara ambazo huenda zisihitaji kununua chochote: marekebisho ya sheria ya Desemba 2024 yanaruhusu mnunuzi kuandaa ankara kwa niaba ya mkulima au mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka, na mwenye shamba dogo anayeuzia kiwanda kimoja tu angefanya vyema kuzungumza na kiwanda hicho kwanza.

Kwa biashara nyingi ndogo nchini Kenya, utaratibu wenye busara ni kuanza na zana ya KRA isiyolipiwa, kuitumia kwa robo mwaka, na kuandika kila inapoleta kero, iwe ni kuandika mara mbili, foleni dirishani, hati za kupunguza au hesabu ya ghala. Ikiwa orodha hiyo ni fupi, hakuna sababu ya kununua. Ikiwa ni ndefu, iwekwe mezani mbele ya muuzaji aliyeidhinishwa, aombwe kutatua kila jambo kwa vitendo, na mkataba wa kwanza uwe wa mwezi hadi mwezi, kwa sababu Sheria ya Fedha kwa kawaida huanza kutumika kila tarehe 1 Julai, na muuzaji asiyeweza kurekebisha programu yake kwa tarehe hiyo anastahili kuachwa.